Disketi Zilizokataa Kuingia

Leo nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Enzi za disketi, nilikuwa mpiga chapa kwa Mama Mghoi hapa Voi, na kompyuta yetu ilikuwa moja tu. Swaleh, fundi wa kutoka Mombasa, alituletea programu mpya ya kuendesha mashine, disketi kumi na tatu ndani ya pakiti.

"Dada Wakio," akaniambia, "siku ukiona kazi imepungua, zitie moja baada ya nyingine. Zikikataa, nipigie simu nije."

Nije! Neno hilo nililala nalo na kuamka nalo. Na zikikubali je, atakuja kufanya nini? Mama Mghoi akiniuliza kama nimeshaziweka, nilimjibu leo kuna mitihani ya shule, kesho kuna barua za kanisa. Treni ya Mombasa ikipiga honi, moyo uliruka. Mjinga mimi, kana kwamba fundi hupanda treni bila kuitwa.

Mwishowe nikapiga simu. "Zimekataa. Nimejaribu mara tatu."

Alhamisi nikavaa rinda la Pasaka, nikabeba kapuni kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, kutoka nyumbani. Swaleh akafika, akaomba disketi. Nikampa pakiti kwa madaha. Akaigeuzageuza.

"Dada, zimekataa vipi, na hata nailoni yake hujaifungua?"

Mama Mghoi akatazama pakiti, akatazama rinda, kisha akafunua kapu langu la chakula.

"Wakio, ndiyo maana leo umekuja na sahani mbili?"