Michi Miwili, Kinu Kimoja

Wenzangu mliokulia vijiji vya Sikonge kabla ya mashine ya kukoboa kufika, bila shaka mnakumbuka mlio wa vinu asubuhi. Kwetu ulianza kabla majogoo hawajapiga miayo, na nyuma yake harufu ya karanga za kuunga mlenda, tamu kiasi cha kumfanya mgonjwa adai sahani.

Mimi na dada yangu Kalunde tulitwanga pamoja, michi miwili ndani ya kinu kimoja. Wake ukipanda, wangu unashuka. Usipomtazama mwenzio, michi inagongana.

Wakati mmoja Kalunde aliwatangazia watoto wote wa kwaya ya kanisani kwamba mimi ni kikojozi. Walicheka, nadhani, hadi Tabora mjini wakasikia. Nikanuna. Nilinuna mpaka mbuzi wakawa wananipisha njia. Chakula nilikula nimempa mgongo.

Tatizo, shangazi alikuja kumchukua Kalunde akaishi naye Urambo. Jioni ya kuamkia safari, mama akamwaga mtama kinuni, akatukabidhi michi.

"Kesho mwenzio anaondoka," akaniambia. "Sitaki aende na ugomvi huu."

Nikatwanga nikitazama paa. Michi ikagongana, mtama ukaruka, na kuku wa kijiji kizima wakaja kama walioalikwa harusini.

Kalunde akanong'ona, "Basi, samahani."

"Samahani ya nini?" mama akauliza. "Litaje ulilomkosea."

Kalunde akainamisha kichwa. "Nilitoa siri yako mbele za watu. Nisamehe, mdogo wangu."

Nikajibu nimemsamehe, ila kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini. Mama akanigeukia. "Ukishasema hivyo, siku mkigombana tena usilifukue."

Hakutuambia tukumbatiane. Alituambia tumalize mtama. Tukatwanga. Ilibidi nimtazame, na nilipomtazama nikaona machozi yanamtoka huku mchi haujasimama. Hapo ndipo hasira ikaniisha kweli. Asubuhi niliikimbilia baiskeli ya shangazi, Kalunde kapakiwa nyuma, mpaka pumzi ikagoma.

Siku hizi unga tunanunua madukani, na wanangu wakigombana wanafungiana simu ilhali wamekaa kochi moja. Wakitaka kupatana, wanatumiana kikatuni kinacholia machozi. Niliwahi kuwaletea kinu. Wakapiga nacho picha.

Nawacheka, lakini naona vidole vyao havina kazi ya kuwalazimisha kutazamana. Sisi tulikuwa nayo, na tulikuwa na mama wa kutukabidhi kazi hiyo. Mimi na Kalunde tumeshagombana mara elfu tangu hapo, kwa mashamba, kwa wakwe, kwa mengi. Lile la kwaya sijalifukua hata mara moja. Hata kuliandika hapa nimemwomba ruhusa kwanza. Alicheka kule Urambo, halafu akasema, "Andika. Waambie mama alitulea."