Besi ya Zoraida na Vimulimuli wa Bendi Mbili

Mume wa bibi Zoraida Sangama alipomkimbia kwenda Lima na mcheza shoo, aliacha vitu viwili hapa Yurimaguas, mji wetu wa msituni Peru: jozi ya viatu vilivyoota ukungu na gitaa la besi. Viatu bibi alivitupa mtoni Huallaga siku hiyo hiyo. Gitaa alilibakiza, kwa sababu Jumamosi bendi ya mumewe ilikuwa na harusi ya kupigia na hakukuwa na mtu mwingine wa kulipiga.

Nimemuuliza mara nyingi kwa nini yule mwanamume hakuondoka na gitaa lake.

"Lilikuwa zito," anasema. "Yule hata ndoo ya maji alikuwa anabeba nusu."

Hapo ndipo alipoanzia, na sasa miaka arobaini imeshapita. Gitaa lenyewe lilikuwa la zamani tangu wakati ule. Lilipandishwa mto kutoka Manaus, Brazili, kwa meli ya mbao, mama yangu hajazaliwa. Rangi yake ni nyekundu iliyobabuka, na linanuka samaki wa moshi, maana bibi hulitundika jikoni juu ya meko. Ubao usiopata moshi hapa kwetu huliwa na mchwa, na mchwa wakiukosa, unyevu huuvimbisha. Wanamuziki wa Lima wakisikia hivyo hushika vichwa. Halafu wanakuja na magitaa yao kwenye masanduku yenye velveti ndani, na mvua zikikolea shingo zimeshapinda, wanabaki kumlaumu fundi.

Nakaa kwa bibi kwa ajili ya shule. Yeye ni dada wa bibi yangu mzaa mama. Shuleni tunafundishwa kumheshimu kila mtu. Mwalimu aliyetunga somo hilo nadhani hakuwahi kukutana na Wagner na Linder Pinedo.

Hao ni watoto wa marehemu Artidoro Pinedo, mwenye bendi ya Vimulimuli wa Huallaga, ambayo bibi aliipigia besi miaka yote hiyo, hivyo wakakua wanamwita shangazi. Baba mmoja, mama tofauti, na masikio hakuna aliyerithi. Mzee alipokufa, kila mmoja aliunda Vimulimuli wake. Bendi ya Wagner inaitwa Vimulimuli Halisi. Ya Linder inaitwa Vimulimuli Halisi Kabisa. Wote wawili waliona bibi wa kazi gani, wakati mpiga kinanda anaweza kutoa besi kwa mkono wa kushoto. Mimi nimeusikia huo mkono wa kushoto. Ni kama mlevi anatafuta choo amevaa ndala.

Kwa hiyo sikukuu mbili za San Juan, ile kubwa ya mwezi wa sita, zilipita bibi yuko jikoni, anasikiliza ngoma kutoka uwanjani. Hakulalamika. Alipasua kuni, zikawa nyingi kuliko tulivyohitaji. Mwaka huu, Juni ilipoingia, alilishusha gitaa akalifuta vumbi.

"San Juan hii napiga," alisema. "Nisipopiga mwaka huu, vidole vitasahau, na mimi sitaki kuviona vikisahau."

Kamati ya sikukuu nayo ilikuwa imechoka na ugomvi wa jina. Ikaamua bendi zote mbili zipande uwanjani, zitazamane, zipokezane wimbo kwa wimbo, na itakayowachezesha watu zaidi ndiyo ichukue jina. Ghafla wale ndugu wakakumbuka kwamba mji mzima unalijua lile gitaa jekundu kutoka kwenye majalada ya santuri za zamani.

Wagner ndiye aliyetangulia, na miwani yake ya jua ndani ya jiko lenye moshi, na kuku mkononi.

"Shangazi yangu mpenzi, tumekukumbuka."

"Mmenikumbuka mimi au hicho kilichoning'inia hapo juu?"

"Vyote, shangazi. Gitaa litapanda jukwaani. Wewe utakaa na wageni wa heshima, upumzike."

"Nani atalipiga?"

"Kuna kijana anaitwa Jhordan. Ana sura nzuri sana."

"Nimeuliza nani atalipiga."

"Hatalipiga, atalishika tu. Besi itatoka kwenye kinanda."

Bibi alimwangalia kama mtu anayeangalia nywele kwenye supu.

"Kuku mwache," alisema. "Wewe nenda."

Linder alikuja kesho yake, jasho linamtiririka, bila kuku. Alijiona ana busara kuliko kaka yake, jambo ambalo si kazi ngumu.

"Shangazi, kwangu utapiga mwenyewe kabisa. Ila utakaa nyuma ya spika. Unajua, wasichana wa mbele ni wadogo, wewe ukitokea pale, picha inaharibika kidogo."

"Nyuma ya spika. Kama jenereta."

"Utasikika vizuri tu, shangazi."

"Sikiliza, we Linder, na ukamwambie na mwenzio. Nitakaa katikati ya uwanja, na kiti changu na amplifaya yangu. Nitampigia yeyote anayepiga. Asiyetaka, nitapiga vilevile."

Linder alicheka. Lakini aliogopa akikataa Wagner atakubali, na Wagner aliogopa hivyo hivyo, basi wakakubali wote. Akili ile ni moja, wamegawana, na haikumtosha yeyote.

Siku ya San Juan watu walirudi kutoka kuoga mtoni mchana, na juane zao, wali wa kuku na yai unaofungwa kwa majani, bado zina moto. Bibi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha plastiki, jukwaa moja kulia, jingine kushoto, gitaa mapajani na juane yake pembeni. Wagner alianza. Jhordan alikuwa amekumbatia ubao uliopakwa rangi nyekundu, hata nyuzi hauna, anautikisia kiuno. Wimbo ulikwenda mbio kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Bibi alipiga ubeti mmoja, akaacha, akafungua majani, akaanza kula wali.

Kweli alikuwa na njaa. Lakini watu walimwona.

"Doña Zoraida anakula," mtu alisema, na wachezaji wakacheka, miguu ikalegea.

Linder alipoanza, bibi alipangusa vidole akapiga, na uwanja ukaitika mpaka vumbi likanyanyuka. Kisha mshereheshaji wa Linder akaingiza king'ora na salamu kwa mwenye duka la matairi, katikati ya wimbo. Bibi akarudi kwenye yai.

Tangu hapo hakuna aliyeangalia majukwaa. Watu waliangalia mkono wake. Ukienda kwenye nyuzi, wanacheza. Ukienda kwenye majani, wanasimama.

"Huu ndio muziki halisi," alipiga kelele mshereheshaji wa Wagner.

"Halisi gani, mama wa watu anachokonoa paja la kuku," alijibu muuza samaki mmoja, na uwanja mzima ukasikia.

Wale ndugu walikutana nyuma ya bajaji. Walikuwa hawajasemeshana tangu mazishi ya baba yao. Mimi, mjinga, nilidhani watakuja kumwomba bibi awaelekeze. Walikuja na fundi wa Wagner, akachomoa waya wa amplifaya ya bibi.

"Tatizo la umeme," mshereheshaji wa Wagner alitangaza, huku spika zake zikinguruma.

Kisha bendi zote mbili zikaanza kwa pamoja wimbo mkubwa wa marehemu Artidoro, kwa mikono miwili ya kushoto. Bibi alibaki ameshika nyuzi zisizotoa sauti. Sijawahi kumwona na uso ule. Alikuwa anatazama vidole vyake.

Mama Neyda, muuza juisi, alichomoa blenda yake, juisi ya mteja ikiwa nusu.

"Leteni huo waya hapa," alisema. "Na wewe subiri, hutakufa kwa kiu."

Fundi wa Wagner alisogea. Muuza samaki naye alisogea. Fundi akakumbuka ana kazi kwingine.

Besi iliingia katikati ya wimbo. Bendi mbili zilikuwa zinavutana, hii mbele, ile nyuma, na bibi akapita katikati yao, pole pole, mpaka mwisho, juane haikuguswa. Watu walicheza wote.

Kamati haikuweza kuamua kitu. Wagner anasema alishinda yeye, Linder anasema yeye, na mabango yao mapya yote yana picha ya bibi.

Usiku ule tukirudi nyumbani nilimuuliza, walipiga vibaya vile na chakula kilikuwepo, kwa nini hakuacha.

"Nilikuwa nataka kupiga," alisema. "Wao walikuwepo tu."

Jhordan alitupita na pikipiki, ubao wake mgongoni, akampungia mkono. Bibi hakumwona, au alijifanya hakumwona.