Bati Nililolitoa Kwenye Skuta ya Nasimiyu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, halafu nakuna kichwa. Ilikuwa miaka ya themanini na kitu, nami nilikuwa fundi wa pikipiki pale Kitale, kwenye gereji ya Mzee Salim karibu na msikiti. Kijana mbichi, spana mfukoni, mdomo umenitangulia. Pikipiki nyingi za wakulima nilizitambua kwa mlio tu, na sifa za watu zilikuwa zimenipanda kichwani.

Mzee Salim alikuwa amekwenda Bungoma kumwona dada yake, kwa hiyo nilibaki mimi ndiye bosi. Akaingia mwanamke anayeitwa Nasimiyu juu ya skuta mpya kabisa, bado inang'aa. Kazi yake ilikuwa kuwatia ng'ombe mimba kwa mbegu za madume bora, alizozibeba kwenye mtungi wa baridi kali. Wafugaji walimwita daktari. Chama chao cha Tongaren kilikuwa kimempa ile skuta na miezi mitatu ya majaribio, maana mwenyekiti hakuamini kwamba mwanamke ataiweza kazi hiyo. Siku hiyo Nasimiyu alitaka nimkazie breki tu.

Nikaizunguka skuta mara mbili, mikono kiunoni, watu wananitazama.

"Sasa hii ni nini, bana?" nikasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Ati pikipiki! Si hii ni kuku amelalia mayai?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi kicheko kikishanipata sijui kunyamaza. Nikasema magurudumu hayo ni ya kuchezea watoto. Bati pana la mbele nikaliita urembo. Sakafu yake bapa nikasema ni ya kuwekea kikapu cha sokoni, na injini kufichwa chini ya kiti ni aibu. Nikamaliza kwa kutangaza kwamba walioiunda walitaka ipendeze tu.

"Fundi, umeshawahi kuiendesha?" Nasimiyu akaniuliza polepole.

"Daktari, mambo mengine unaona kwa macho."

Lo, ujana!

Nilipofungua ubavu wa skuta nikakuta silinda imevikwa bati jembamba pande zote. Kwenye pikipiki nilizozoea, silinda hukaa wazi ikapigwa na upepo. Nikaihurumia ile injini kweli, nikaona inanyimwa hewa. Nikalifungua lile bati, nikalitupa juu ya rafu, nikamwambia, "Nimekupunguzia mzigo. Sasa itapumua." Akanishukuru. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, mwanangu, kwamba aliniamini.

Mchana huohuo aliitwa Tongaren kwa Mama Khisa, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu. Ng'ombe akitaka dume hangoji mtu. Siku yake ikipita, unakaa wiki tatu tena. Nasimiyu alipita Kiminini vizuri, akapita Kamukuywa, na mbele kidogo injini ikachemka hadi pistoni ikanasa ndani ya silinda, ikazima. Akaiegesha kwenye nyasi, akabeba mtungi, akatembea. Alipofika, ng'ombe alikuwa ameshatulia. Mwenyekiti akasema, "Si niliwaambia?" na akaitisha kikao cha wafugaji Jumamosi ili Nasimiyu anyang'anywe kazi.

Skuta ililetwa gereji juu ya pikapu, na Mzee Salim alikuwa amerudi. Akaitazama silinda, akainua macho kwenye rafu, akanitazama mimi. Hakufoka. Alikaa nayo siku nzima akaifungua, akaisafisha pistoni, akaiwasha bila lile bati.

"Barasa, weka mkono hapa."

Nikauweka karibu na silinda. Joto tupu. Akaizima, akafunga bati, akaiwasha tena. Safari hii upepo ukatoka ukazunguka silinda yote na kunipiga kiganjani. Kumbe kulikuwa na feni mle ndani!

"Injini hii imekaa nyuma ya miguu ya mtu," akasema Mzee. "Upepo wa barabara haiupati. Kwa hiyo imetengenezewa wake, na njia ya huo upepo ni hili bati. Wewe umeona mzigo. Kuuliza kulikushinda nini?"

Nikachukua kitambaa nikaanza kuifuta skuta. Mzee akaendelea:

"Uliwachekesha watu mbele ya gereji yangu. Jumamosi utakwenda Tongaren, uwaambie ukweli kwa mdomo huohuo."

Tulikwenda na Nasimiyu, mimi naendesha, yeye nyuma. Mtungi ulisimama kwenye ile sakafu bapa, katikati ya miguu yangu, wala haukutikisika. Lile bati la mbele lilipokea matope yote, suruali yangu ikabaki safi. Nikaelewa pia jinsi Nasimiyu, kwa sketi yake, alivyoweza kuiendesha siku zote bila kuhangaika kuinua mguu. Ila magurudumu madogo, hapo bado nabisha! Kwenye utelezi yalitupeleka yalikotaka yenyewe.

"Fundi," akaniambia sikioni, "kuku anaendeleaje?"

Nilicheka.

Kwenye kikao nilisimama mbele ya wafugaji. Nikasema, "Skuta haina kosa. Daktari hana kosa. Mimi ndiye niliyetoa kitu nisichokijua kazi yake, ikamzimikia mbele ya Kamukuywa." Mwenyekiti akakohoa. Mama Khisa akasimama akauliza, "Kwani huyu mama alitembea na huo mtungi kutoka Kamukuywa mpaka kwangu?"

"Ndiyo, mama," nikajibu.

"Basi huyo ndiye daktari wangu. Mwenye neno aseme."

Hakuna aliyesema. Nasimiyu alibaki na kazi yake, akaifanya miaka mingi, na skuta yake hakuigusa fundi mwingine ila mimi. Wiki tatu baadaye yule ng'ombe alipata mimba, na mwaka uliofuata akazaa ndama jike. Mama Khisa akampa jina Bati. Kila nikipita kwake aliita kwa sauti, "Bati! Njoo umsalimie fundi wako!" Nami nilikuwa nashuka kumsalimia.

Sasa sikia, mwanangu. Ukiletewa kitu kigeni, usikimbilie kukitolea maneno kwa sababu watu wanakutazama. Kiendeshe kwanza. Uliza kila kipande kinafanya kazi gani, hata kama unaitwa fundi, hasa kama unaitwa fundi. Na ukiharibu, nenda mwenyewe ukaseme ni wewe, kabla mwingine hajalipa kwa kosa lako.

Mungu akubariki mikono, akupe watu wa kukuamini, na usiwaangushe. Nenda salama.