Vipimo Visivyo na Majina

Mtaani walimwita Bisibisi, maana hakuwahi kuonekana bila bisibisi kuchomekwa kwenye nywele zake. Alikuwa fundi wa kompyuta kwa miaka kumi na tisa, mama wa watoto wawili wakubwa, na uvumilivu wake kwa mashine haukuwafikia binadamu. Lakini kompyuta ya wifi yake ilimtoa jasho hata yeye.

Wifi huyo, mke wa kaka yake, alikuwa mshonaji. Vipimo vya wateja wake alivihifadhi kwenye kompyuta kuukuu ambayo Bisibisi mwenyewe aliiwekea mfumo wa Linux, akijigamba kwamba habari ya virusi sasa basi. Jumatatu ikagoma kuwaka. Skrini nyeusi, maandishi meupe: diski ina hitilafu.

"Wifi, mashine yako imekufa," mshonaji akalalamika kwenye simu.

"Leo ni yangu? Ilipokuwa nzima ilikuwa ya nani?"

Akaja, akaiwasha kwa flashi yake, akaendesha programu ya kukagua diski. Makosa yakarekebishwa. Faili alitaka kuzinakili pembeni, ila flashi ilikuwa imejaa. Akasema siku nyingine.

Jumatano, yaleyale. Akapima afya ya diski: nzima kabisa. Akabadilisha kebo kwa shingo upande. Ijumaa asubuhi simu ikalia tena, naye akaiangalia kama anayeangalia mende.

Safari hii, baada ya kuirekebisha, alisoma kumbukumbu ambazo kompyuta hujiandikia yenyewe. Kila mara ilikuwa imezimika ghafla, bila kuaga, muda mfupi baada ya saa saba mchana.

"Hapa saa saba kunatokea nini?"

"Hakuna. Mume wangu huja kula tu."

Bisibisi akavuta kiti, akasubiri. Skrini ikajizima kwa kukaa bila kuguswa. Kaka mtu akaingia na shati mkononi, akasalimia vizuri, akainama nyuma ya meza, na kabla dada yake hajainuka, akachomoa waya wa kompyuta na kuchomeka pasi.

"Kaka!"

"Nini tena?"

"Umeikata kompyuta katikati ya kazi!"

"Waya huwa naurudisha. Si ilikuwa imelala?"

"Wewe ukilala tunakukata pumzi?"

Kaka akanyoosha shati lake upande mmoja tu, akaondoka nalo hivyohivyo.

Bisibisi akaanza upya, meno yameumana. Diski ikapona, lakini folda ya wateja haikuwepo. Faili sitini na moja zilikutwa zimetupwa kwenye folda ya vilivyookotwa, kila moja ikiwa na namba badala ya jina.

"Fungua, jina utaliona ndani," alisema.

"Ndani niliandika vipimo tu. Jina si lilikuwa juu ya faili?"

Bisibisi alifunga macho. Alijilaumu kwa ile flashi, akamlaumu wifi, akamlaumu kaka, kisha akarudi kujilaumu mwenyewe.

Mshonaji akavaa miwani. Akasoma faili ya kwanza: bega, kifua, kiuno, mkono. "Mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia. Huyu mwalimu mkuu." Ya pili: "Kiuno hiki kilikuwa cha nesi, kabla hajajifungua mapacha." Aliendelea hivyo, akiwataja watu kwa nyonga na mabega yao, huku Bisibisi akiandika majina na hasira ikimtoka kidogokidogo bila ruhusa yake.

Hadi jioni walikuwa wametambua hamsini na wanane. Watatu waligoma.

"Hao watakuja kupimwa upya," mshonaji alisema. "Tatizo liko wapi?"

"Tatizo!" Bisibisi alimaka, akafuta vitu kwenye flashi yake kupata nafasi na kuanza kunakili. Kisha akamwambia wifi amtafutie mkasi: plagi ya pasi hataki kuiona tena upande huu wa chumba.

"Ukiikata, shati atalinyoosha kwa kutumia nini?"

"Akalilalie."