Miwani Niliyoivua Ndia Kuu

Sina subira na mtu anayeniambia kwamba miwani ni miwani. Wako wengi. Wananiona alfajiri nikipita barabara ya Ndia Kuu na baiskeli yangu ya mbio, helmeti kichwani, na usoni miwani ya kioo cheupe iliyofunika macho mpaka pembeni, ile ambayo mafundi wa chuma huvaa wakikata mageti. Wanacheka. Mmoja aliwahi kuniuliza nakwenda kuchomelea nini saa hizi. Sikumjibu, maana jibu langu ni refu na lina hasira ndani yake.

Mimi ni mtu wa bara. Nilikuja Mombasa kufanya kazi bandarini, na kwa miaka tisa nilikuwa dereva wa kreni, yule anayekaa kwenye kibanda cha vioo juu kabisa, akinyanyua makontena melini na kuyashusha juu ya trela. Kazi hiyo ni ya macho, na ni ya macho mawili. Ukikosea kukadiria kwa shubiri mbili tu, chini kuna mtu. Kwa hiyo kila mwaka tulipimwa macho, moja baada ya jingine, na ukishindwa hata kwa jicho moja, hupandi tena. Nilijua sheria hiyo na niliiheshimu. Niliipenda ile kazi kuliko nilivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Nilipanga chumba Mji wa Kale, ghorofani, na kila siku kabla ya zamu niliendesha baiskeli. Nilitoka kwa Ndia Kuu, nikazunguka soko la Marikiti kabla wachukuzi hawajaziba barabara kwa mikokoteni, nikaenda Makupa mpaka Changamwe, kisha nikarudi. Miwani yangu ya kwanza niliinunua kivukoni Feri kwa mchuuzi aliyeibandika kwenye ubao pamoja na nyingine hamsini. Ilikuwa nyeusi, nyepesi, na nilijiona mwendesha baiskeli kamili. Ilizuia jua. Wakati huo nilidhani jua ndilo adui.

Siku ya kwanza niliyopita nayo Ndia Kuu, kulikuwa na watu watatu wanne wamekaa barazani wakinywa kahawa. Katikati yao alikuwa mzee mmoja mwenye kanzu safi na kofia, fimbo imelala mapajani. Nikapunguza mwendo, nikasema shikamoo. Hakuna aliyeitika upesi. Muuza kahawa, mtu wa makamo mwenye sauti ya kuburuza, akaliweka dele lake la kahawa chini, akaniambia, "Mwenzangu, huku kwetu hatuwaamkii watu wazima tumejiziba mato. Mtu ukimwamkia, ataka akuone."

Mato kwao ni macho. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilikuwa nimejitahidi sana na mji ule. Nilijifunza kusema sabalkheri na masalkheri, nilijifunza kuulizia watu wa nyumbani kwa mtu kabla ya kutaja shida yangu, na niliacha ile tabia yetu ya bara ya kutupa salamu huku tunapita. Kisha nikaharibu kwa miwani ya Feri. Tangu siku hiyo, nikilikaribia lile baraza naipandisha miwani juu ya paji la uso, nageuza uso kwa mzee, nasema, "Sabalkheri, mzee." Naye huinua mkono, anasema, "Sabalkheri, mwanangu. Watu wako hawajambo?" Nami naitikia hawajambo, nashusha miwani, nakanyaga. Muuza kahawa hutikisa kichwa kwa kuridhika. Nilifanya hivyo kila asubuhi, na nisiseme uongo, nilijisikia vizuri.

Asubuhi ya lile jambo, kulikuwa na nyumba inakarabatiwa mbele kidogo. Kenta, lori dogo la mizigo, ilikuja imejaa mchanga mpaka juu, haina turubai. Hata kipande cha gunia hakikuwapo. Nilikuwa nimeshapandisha miwani, uso nimemgeuzia mzee, neno sabalkheri limo mdomoni. Kenta ikanipita kwa karibu, dereva akakanyaga mafuta ili aimalize ile kona, na mchanga ukamwagika hewani. Chembe moja ikaingia jicho la kulia.

Sijui dereva yule ni nani na wala hajui alichokifanya. Alikuwa akiimba. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba yeye alikwenda zake, akashusha mchanga wake, akanywa chai. Turubai ni kitu cha kukunja na kufunga kwa kamba, kazi ya dakika tano. Nimewahi kumsimamisha dereva mwingine kwenye taa nyekundu za Makupa nikamwuliza turubai lake liko wapi. Akanitazama kuanzia helmeti mpaka viatu, akapandisha kioo.

Kisha nikafanya ujinga wangu mwenyewe, na huu siwezi kumtwika dereva. Nililisugua jicho. Nikanunua dawa ya matone dukani, nikaenda kazini, nikakaa kimya siku mbili, kwa sababu upimaji ulikuwa umekaribia na sikutaka jina langu na neno jicho vitajwe pamoja. Siku ya tatu nilipoamka kope zilikuwa zimegandana. Daktari wa macho, mwanamke mpole asiyepoteza maneno, aliitoa ile chembe, akaniambia imekwaruza na kidonda kimeingia uchafu. Kovu linaweza kufifia, linaweza lisififie. Akaniuliza kama nilikuwa nimevaa kinga yoyote. Nikasema nilikuwa nayo. Akauliza ilikuwa wapi. Nikasema ilikuwa kwenye paji la uso, na yeye akaandika tu.

Upimaji ulikuwa baada ya mwezi mmoja. Katika mwezi huo nilianza kutafuta miwani kwa hasira, maana nilikuwa na jicho moja zima na sikuwa tayari kulitoa sadaka. Nilitaka miwani ambayo sina haja ya kuivua kwa ajili ya mtu yeyote. Kwa hiyo kioo kiwe cheupe, macho yangu yaonekane, na mimi mwenyewe nione. Natoka nyumbani gizani, napita vichochoro ambavyo hata saa nne jua halijafika chini. Miwani nyeusi huko ni kumgonga mtoto wa mtu.

Duka la kwanza, binti aliyekuwa akiuza alinivalisha miwani yenye kioo cha buluu kinachong'aa. "Hii ndiyo ya baiskeli hasa, kaka," akasema. Nilimwomba anielekezee feni ya mezani usoni. Akadhani nasikia joto. Nilisimama mbele ya feni nikahesabu mpaka thelathini, na jicho bovu likaanza kutiririka, kwa sababu upepo ulikuwa ukiingia pembeni bila kubisha hodi. Ikiwa feni ya dukani inapenya, kenta je? Nikamwambia haya. Akanijibu, "Lakini imekupendeza." Nilitoka kabla sijasema neno ambalo ningelijutia.

Duka la pili mwenyewe aliapa kwamba kioo chake hakivunjiki hata kikikanyagwa. Nikaiweka miwani sakafuni, nikavua kiatu kimoja ili angalau niikanyage kwa heshima. Alitoka nyuma ya kaunta mbio. Nilimwuliza kama haivunjiki anaogopa nini, akaniambia nitoke nje. Nilitoka mguu mmoja ukiwa na soksi tu, nimepanda mori, watu wa barabarani wananitazama. Mtu anaapa juu ya macho yako, kisha anakimbia kuokoa mali yake.

Duka la tatu walikuwa nayo nyeupe, na ilifunika pembeni, nikapata matumaini. Nikaivaa nikapumua kwa nguvu mara chache. Ukungu ukajaa kioo chote. Mombasa hewa yenyewe ni nusu maji, na mtu anayepanda baiskeli anatoka jasho kabla hajafika kona ya kwanza. Miwani iliyobana uso bila tundu la kupitisha hewa itakupofusha ukisimama kwenye taa za barabarani, mahali pabaya kuliko pote. Tena mikono yake ilikuwa ya plastiki laini, isiyo na mpira, na ilikuwa ikiteleza puani kila nilipoinama. Nilimshukuru yule mwenye duka kwa sababu angalau hakuapa.

Niliipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya Marikiti, nilikoingia kununua kitasa. Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari katikati ya kufuli na futi za kupimia. Kioo cheupe kimezunguka mpaka kwenye mfupa wa kando ya jicho, vitundu vidogo juu ya nyusi, mpira puani na nyuma ya masikio. Mwenye duka aliniruhusu kusimama mbele ya feni yake bila kuuliza kitu. Jicho halikutoa hata tone. Nikaigonga kwa ncha ya ufunguo, akanitazama tu. Alichouliza ni kama nataka na glavu.

Nilifika nje nikasimama pale kwenye maganda ya ndizi na maji ya samaki, nikajitukana. Miwani kama ile nimeiona miaka tisa. Karakana ya bandarini, pale chini ya ngazi ninayopandia kreni, zimetundikwa ukutani, na mafundi wanazivaa wakikata vyuma. Nimezipita kila siku, begani nimebeba helmeti ya baiskeli, usoni takataka ya Feri. Hakuna aliyenificha.

Siku ya kupimwa nilifunika jicho la kulia nikasoma mistari yote mpaka ile midogo ya mwisho. Nikafunika la kushoto. Mstari wa nne herufi zilikuwa na mikia ambayo najua herufi hazina. Nilijaribu kubahatisha. Mpimaji alikuwa ananifahamu, tumekula pamoja mara nyingi, na hakuniruhusu nibahatishe mara ya pili. Wiki iliyofuata nilikabidhi ufunguo wa kibanda. Nikapewa daftari na kizibao cha rangi ya machungwa, nikawa karani wa chini, nikisoma namba za makontena ambayo kijana mwingine alikuwa akiyashusha kutoka kibanda kilichokuwa changu kule juu. Kule juu nilikuwa nikiona kisiwa chote mpaka mapaa ya Mji wa Kale. Huku chini naona matairi ya trela.

Asubuhi baada ya siku yangu ya kwanza chini, nilipita Ndia Kuu kwa baiskeli, mara ya kwanza tangu niumie jicho, na miwani yangu mpya. Nikapunguza mwendo, nikasema sabalkheri. Mzee akainua mkono kama kawaida. Lakini muuza kahawa akasema, kwa ile sauti yake ya kuburuza, "Leo hutufunulii uso, mwenzangu? Au umetuchoka?"

Nikasimamisha baiskeli. Nikaiegemeza ukutani, nikarudi kwa miguu mpaka barazani, na nikasema yote. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia katika mtaa ule. Nikamwonyesha jicho. Nikamwambia habari za mchanga, daktari, mstari wa nne, ufunguo wa kibanda. Nikasema nimeipoteza kazi yangu kwa sababu ya heshima zake, kwa sababu kila siku ya Mungu nilikuwa nikivua miwani mbele ya mzee huyu ili nionekane mtu mwenye adabu. Madirisha ya juu yalifunguliwa. Sikujali.

Mzee alikuwa ameelekeza sikio kwangu. "Kuvua nini?" akauliza.

"Miwani, mzee."

"Miwani gani?"

Nilimwambia miwani ya baiskeli, ile niliyokuwa nikiipandisha kila asubuhi nikimwamkia. Vidole vyake vikatembea kwenye fimbo.

"Mimi sikuoni, mwanangu," akasema. "Mato yangu yamekwenda zake, mwaka wa kumi huu. Naona mwangaza wa mlango, basi. Wewe nakujua kwa mlio wa gurudumu lako. Nikiusikia, nainua mkono."

Nilimgeukia muuza kahawa. Alikuwa akisuuza kikombe ambacho kilikwisha kuwa safi. Alijua. Baraza zima lilijua, na huenda mtaa mzima, isipokuwa mtu wa bara aliyekuwa akipita na baiskeli akijisifu moyoni kwamba sasa amekuwa mtu wa hapa. Nilitamani kulipiga teke lile dele. Sikulipiga. Nilichukua baiskeli yangu nikaondoka bila kuaga, na hiyo pia ni mara ya kwanza katika miaka tisa.

Siku tatu nilipita kichochoro kingine, kirefu, chenye maji machafu. Siku ya nne kulikuwa na mkokoteni umekwama humo umezuia njia, nikalazimika kurudi Ndia Kuu. Nilikusudia kupita kimya. Hasira ilikuwa bado haijapoa, na mpaka leo sina hakika kwamba imepoa. Baraza lilikuwapo, dele lilikuwapo, na muuza kahawa alitazama chini.

Sikuwa nimefungua mdomo. Mzee alisikia gurudumu, akageuza uso, lakini mkono hakuuinua.

"Umevaa?" akauliza.

"Nimevaa, mzee."

"Haya, pita."

Ndivyo tunavyoamkiana siku hizi.