Hodi kwa Mbu

Nililisha mbu miaka miwili katika nyumba ya utafiti huko Chanika, na sikuwahi kuwapenda. Kila asubuhi nilihesabu waliokufa, kwa sababu shahada yangu ilitegemea vifo vyao.

Ubongo wa mbu hutoa vijumbe vidogo vya protini, viitwavyo neuropeptidi, vinavyosambaza habari mwilini: kuna njaa, kuna hatari. Nilitaka kujua kama kimojawapo huamsha pia kinga dhidi ya bakteria. Kundi moja nililidunga kijumbe hicho, jingine nikalidunga maji ya chumvi tu, kisha wote nikawatia bakteria. Wa maji ya chumvi walitakiwa kufa zaidi, lakini walivumilia karibu sawa na wenzao.

Vizimba vya maji ya chumvi nilimwachia mama mmoja, mwenyeji wa pale, abadilishe pamba za maji ya sukari. Vya kijumbe nilivihudumia mwenyewe, maana sikumwamini mtu. Yule mama hakuingiza mkono kizimbani bila kugonga fremu mara tatu na kusema hodi. Siku moja nilimtania, akanijibu, “Mwanangu, hata mbu wana kwao.”

Matokeo yalipoharibika mara ya tatu, nilimwambia msimamizi wangu kwamba mama anachanganya vizimba. Sikuwa nimeona chochote. Mama alisema mara moja tu, “Mie sikuchanganya,” akatundika koti la maabara kwenye msumari. Mkataba wake ulikatishwa wiki ileile.

Nikawa nalisha wote mwenyewe. Wa maji ya chumvi wakaanza kufa nilivyotaka, nami nilifurahi bila aibu yoyote. Kilichonisumbua ni fremu. Nilipokuwa nafuta vumbi, niliona kwenye vizimba vyake mbao imeng'aa mahali pamoja, pale alipokuwa akigonga.

Nikachukua mbu wapya wa maji ya chumvi, nikawagawa mafungu mawili. Fungu moja nililigongea mara tatu kila nilipolisha, na kila mara waliruka ovyo kwa fazaa. Nilipowatia bakteria, wengi wao walipona. Fungu ambalo sikuligongea, wengi walikufa. Nilivyoelewa, mshtuko ulikuwa umewafanya watoe vijumbe vyao wenyewe, na kinga ikaamka kabla ya ugonjwa. Hakuna kizimba kilichochanganywa. Mimi ndiye niliyegawa kazi vibaya, vya kwake huku na vya kwangu kule.

Msimamizi alifurahi sana. Alisema hiyo ni sura nzima ya tasnifu. Kuhusu mama, alisema nafasi imeshajazwa.

Jumamosi asubuhi nilikwenda nyumbani kwa yule mama, nyuma ya msikiti. Niligonga mlango, nikaita hodi. Alitoka na ungo wa mchele mkononi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Nilimweleza yote, vijumbe, fremu, mafungu mawili. Alisikiliza huku anachambua mchele. Nilipofika mwisho nilisema, “Kwa hiyo mama, hukuchanganya.”

“Na kazi yangu?”

“Wameshampa mtu mwingine.”

Alitoa chuya moja, akaitupa uani.

“Basi umetoka kote huko,” alisema, “kuja kuniambia jambo ninalolijua.”