Alter Hayumo Kwenye Kadi

Watoto wa shule moja ya mtaa wa Ludlow, New York, walimwita nesi wao Nesi Kijiti. Kila asubuhi Dvora Lipkin aliwapanga mstari ukutani, akawabana ndimi kwa kijiti cha mbao, akachungulia makoo, akapekua nywele kutafuta chawa. Aliyeonekana ana lake alipewa kadi nyekundu akarudishwa kwao. Huo ulikuwa mwaka wake wa nane katika kazi hiyo. Waliomsifu kwamba ni mtulivu hawakujua kuwa alikuwa ameingia ganzi. Mwaka wa kwanza, surua ilipozoa watoto, alilia mpaka macho yakavimba. Kisha machozi yakakauka, kazi ikabaki. Mimi simlaumu. Nani angeweza kulilia makoo mia tatu kwa siku?

"Fungua. Sema aaa."

"Nesi Kijiti, leo nimekula kitunguu!"

"Nimekisikia tangu uko mlangoni. Fungua."

Jumatatu moja ya Februari, koo la Feivel Garber wa darasa la kwanza lilikuwa na utando wa kijivu. Dvora alilipangusa kwa pamba, akaipeleka pamba ofisi ya afya, na mtoto akarudishwa nyumbani na jirani. Kesho yake jibu likaja: dondakoo. Dawa yake ya sindano ilikuwapo, na ikiwahi huponya. Kazi ya Dvora ilikuwa kuhakikisha mtoto yupo ndipo amwite daktari wa jiji. Siku hiyo alikuwa na kadi kumi na tisa za wagonjwa wa kuwafuata majumbani, kila moja na jina la mtoto. Alipofika ghorofa ya tano kwa akina Garber, miguu ilikuwa imeshakufa. Mama mtu, Gitl, alifungua mlango upana wa kiganja tu.

"Habari za humu, mama. Feivel anaendeleaje?"

Gitl alishtuka. "Hakuna mtu wa jina hilo hapa."

"Feivel Garber, wa darasa la kwanza."

"Binti yangu, nimekwambia sina Feivel. Watu wa chini ndio waliokuelekeza huku? Wale hata ghorofa zao hawazijui."

Ndani mtoto alikohoa, kikohozi kikavu.

"Na huyo?"

"Huyo ni Alter wangu."

"Anasoma kwetu?"

"Alter hasomi popote."

Dvora aliitazama kadi. Alter hayumo. Familia za mtaa ule zilikuwa hazikai, leo hapa, kesho kule, na yeye alikuwa amesimama mbele ya milango kama huo mara elfu. Akaandika "Wamehama", akashuka kwenda kwenye kadi iliyofuata.

Alhamisi asubuhi alikuwa ananawa mikono kwa sabuni kali ya shule ndipo akili ilipomrudia. Yeye naye alikuwa Myahudi, mzaliwa wa kijiji kisicho mbali na kwao Gitl, na kwao jambo hili hakuna asiyelijua. Mtoto akizidiwa, baba yake huenda sinagogi, wanaume husoma zaburi, na mgonjwa hupewa jina jipya, ili malaika wa mauti akija na jina la zamani asimpate mtu. Mvulana mara nyingi huitwa Alter, yaani mzee, aishi mpaka azeeke. Tangu hapo jina la zamani halitamkwi tena mle ndani. Kaka yake Dvora mwenyewe aliitwa Alter. Na bado alilisikia mlangoni likampita.

Alikimbia kumwita daktari wa jiji, wakaenda kwa akina Garber. Daktari alipanda ngazi nyuma yake akihema. Sindano ilichomwa, lakini utando ulikuwa umeshashuka kwenye koromeo. Mtoto alikufa Ijumaa, kabla mama yake hajawasha mishumaa ya Sabato. Dvora aliutafuta uchungu ndani yake siku ile, akaukosa. Jumatatu alikuwa tena ukutani na watoto wake.

Septemba Gitl alimleta binti yake Bashe kuanza shule. Zamu yao ilipofika, hakumwachia mtoto mkono.

"Wewe ni wa kwetu," alisema polepole, bila ukali. "Daktari yule wa jiji ningemdanganya, akadanganyika, sawa. Mimi nilikuwa na hofu. Ningelitaja lile jina ningekuwa nimemwonyesha malaika mlango. Lakini wewe ulijua Alter ni nani. Kwa nini ulinisadiki?"

Dvora alitaka kusema kwamba kadi zilikuwa kumi na tisa. Aliona aibu hata kulianza neno lenyewe. Nyuma yao watoto walikuwa wanasukumana. Akachukua kijiti kipya.

"Fungua mdomo, Bashe."

Mtoto akamtazama mama yake kwanza.

"Fungua, mwanangu," Gitl akasema. "Mwache aangalie. Leo na mimi nipo hapa hapa, naangalia."

Koo lilikuwa safi. Dvora akalichungulia tena, kisha mara ya tatu, na bado hakuthubutu kusema kwamba ni safi.